W ya Weye

Usiku ule, katika mtaa mzima wa Rwambuzi, waliokesha walikuwa wawili tu: Mama Godelive na kompyuta ya mwanawe. Mwenye kompyuta, Hippolyte, bingwa wa mabingwa wa Bunia na pembezoni mwake, alikuwa amelala chali akinguruma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi.

Kabla ya kulala alitoa amri, kama jenerali anayekwenda kupumzika huku askari wake wakiendelea kupigana.

"Mama, hapana gusa kitu. Script yangu iko natumika."

"Itamaliza saa ngapi?"

"Itamaliza wakati itamaliza. Ile taa ya kijani ikizimika, uniamushe."

"Na ulifunga?"

"Kufunga nini?"

"Ile kitu ulifungua."

Hippolyte alicheka kwa huruma, kile kicheko cha mtu aliyesoma anapozungumza na mtu aliyempeleka shule. "Nilifungua fichier, mama. Faili ya mu machine. Haiko mulango. Mwizi hawezi kupita mule."

 Mama Godelive alikuwa na miaka hamsini na miwili na madarasa matatu ya shule ya msingi. Tangu usiku ule walipotoka Djugu mbio, wakaiacha milango yote wazi nyuma yao, hakuweza tena kupita mbele ya kitu kilicho wazi bila kukifunga. Alifunga sufuria, madirisha, viberiti, mabegi ya wageni. Mtoto wa jirani akipiga miayo karibu naye, alimfunga kidevu. Kwa hiyo alivuta kigoda, akakaa mbele ya taa ya kijani, akaiangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa.

Script, kwa maelezo ya Hippolyte, ni barua ya maagizo unayoiandikia kompyuta: chukua hiki, soma kile, niandikie hapa. Kompyuta haiulizi maswali na hainung'uniki. Inafanya ulichosema, neno kwa neno. Mama Godelive alipoelezwa hivyo alijiuliza: Mtumishi asiyeuliza maswali, halafu bwana wake awe Hippolyte?

Na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mihogo mia nne na kumi na mbili.

Si mihogo ya kula. Ilikuwa orodha ya Ingénieur Gracieuse, mkuu wa kituo kidogo cha mbegu pale mjini. Kwa miezi mitatu mama huyo mhandisi alipita mashamba ya njia ya Nyankunde kwa miguu yake mwenyewe, akachuma jani moja kwenye kila mti wa muhogo aliouchagua, akayapeleka kwenye maabara ya mbali. Maabara ilirudisha orodha: namba ya kila mti, na mbele yake mstari wa herufi, A, T, G na C, zinazoonyesha kama mti umeficha ugonjwa ndani yake au la. Miti yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa na kufungwa mafungu, kila fungu na namba yake, imelala chini ya kibanda cha kituo. Na muhogo uliokatwa majani ni fumbo. Mgonjwa na mzima wanafanana kama mapacha. Ni orodha tu iliyowajua.

Ijumaa asubuhi lori lingechukua miti mizima na kuipeleka kwa familia sitini zilizokimbia makwao na kupewa mahali pa kulima. Jina la Mama Godelive lilikuwa kati ya hizo sitini. Msimu uliopita alipanda miti aliyoiokota njiani. Majani yakajikunja kama masikio ya mzee, na siku ya kuvuna akachimbua mizizi myembamba kama kalamu za shule. Hakulia. Alifukia shimo, kwa sababu hakuweza kuliacha wazi, akarudi nyumbani.

Kazi ya Hippolyte ilikuwa kuandika script itakayosoma orodha, ichague miti mizima, iiandike kwenye orodha nyingine. Ndiyo kazi aliyojaribiwa nayo. Ijumaa hiyohiyo Ingénieur angesema kama atamweka kazini au atamrudisha kwa mama yake.

Yeye mwenyewe hakuwa na shaka. Alikuwa amefuata mafunzo ya siku sita, na cheti chake kilining'inia sebuleni juu ya picha ya harusi ya wazazi wake, ili mgeni ajue kipi ni kikubwa. Akiulizwa kazi yake alisimama kwanza, akarekebisha kola, akatamka polepole: bioinformaticien, yaani msomaji wa siri za viumbe kwa kompyuta. Neno lile lilipofika kwa Papa Dominique, fundi cherehani wa jirani, lilikuwa limechakaa njiani.

"Mama Hippolyte," alinong'ona siku moja, huku anatazama nyuma yake, "nasikia mutoto yako iko bio-informateur. Anapelekeaka nani habari yetu?"

"Haiko habari ya watu, Papa Dominique. Ni ya mihogo."

Papa Dominique alitafakari. "Na mihogo ilifanya nini?"

Mama Godelive naye alikuwa na swali lake, ila hakumwuliza mtu. Yeye kwa madarasa yake matatu alizijua herufi zote. Mtoto wake, pamoja na cheti, alikuwa anatumia nne.

Kulikucha, Alhamisi. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Hippolyte aliamka, akajinyoosha mpaka kitanda kikalalamika.

"Haijazimika?"

"Haikufumba hata jicho."

"Unaona? Ile script iko na nguvu."

Lakini saa moja ilipita, na taa ikawaka. Chai ikanywewa, na taa ikawaka. Mwishowe Hippolyte aliisimamisha script kwa kidole, akafungua orodha mpya ili ahesabu mihogo mizima.

Orodha mpya ilikuwa tupu.

Akafungua orodha ya Ingénieur, ile ya miezi mitatu ya miguu ya mtu. Nayo ilikuwa tupu. Pembeni, pale kompyuta inapoandika ukubwa wa faili, paliandikwa zéro.

Mama Godelive aliona shingo ya mwanawe inaingia mabegani. "Ni nini?"

"Hakuna kitu."

"Naona hakuna kitu. Nauliza ni nini."

"Ni... imekandamizwa." Hippolyte aligusa kola. "Script ikiwa na nguvu kupita, inakandamiza data mpaka inakuwa kidogo sana."

"Kidogo sawa nini?"

"Sawa zéro."

Alianza kupekua. Mama yake alisoma majina ya mafaili moja baada ya lingine, kwa kidole, polepole: *liste*. *Liste_finale*. *Liste_finale_ya_kweli*. *Liste_finale_ya_kweli_kabisa*. La mwisho liliitwa *liste_finale_ya_kweli_Mungu_ananiona*. Yote yalikuwa majaribio ya Hippolyte ya wiki ile, na yote hayakuwa na kitu. Mungu alikuwa anaona, bila shaka, lakini hapakuwa na cha kuona.

"Ile ya Ingénieur, ulitoa copie, nakala ya kuweka pembeni?"

"Copie ya nini, mama, na ile ya kweli niko nayo mu mukono?"

Mama Godelive aliinua macho akatazama rafu yake ya jikoni. Palikuwa na chupa mbili za maharage. Moja ilikuwa ya kupika. Nyingine ilikuwa ya mbegu, na shingoni mwake alikuwa amefunga uzi mwekundu. Katika nyumba ile watu waliwahi kulala na chai kavu, wiki mbili mfululizo, na chupa ya uzi mwekundu haikuguswa.

"Ulipika mbegu, mutoto yangu," alisema.

 Hippolyte alishika kichwa, halafu uso wake ukang'aa ghafla, na mama yake akaogopa kuliko mara ya kwanza. Vidole vikaanza kucheza juu ya kompyuta, tak tak tak. Mistari ya herufi ikashuka kama mvua ya mwezi wa nne.

Mama Godelive alitazama. Mtu anayenakili kitu huangalia karatasi, anaandika, anaangalia tena. Mwanawe alikuwa anaangalia dari.

"Unaandika nini?"

"Narudisha data."

"Unaitoa wapi?"

"Mama, herufi ni ine tu. A, T, G, C. Nitakosea wapi?"

"Na muti yenyewe itajua namna gani kama iko muzima?"

"Ingénieur hawezi kusoma yote. Ni mistari mia nne."

"Na siye wenye kupanda?"

Vidole vilisimama. Mama Godelive alinyoosha mkono akaushusha mfuniko wa kompyuta, taratibu, mpaka ukalia kep. Ndicho kitu pekee kwenye mashine ile alichojua kukifunga.

"Mwaka ilipita nilipanda ugonjwa, sikujua. Mwaka hii unataka nipande uongo, na niko naangalia. Vaa viatu."

Siku nyingine Hippolyte alikwenda kazini kwa mwendo wa gavana anayekwenda kufungua daraja. Siku ile alikwenda kwa mwendo wa daraja lenyewe, baada ya mvua. Pikipiki ziliwapita na kuwamwagia vumbi jekundu, naye hakupangusa hata kola. Kompyuta aliibeba kifuani kwa mikono miwili. Mama yake alitembea nyuma, si mbele, ili amwone akitaka kukata kona.

Walikuta mlango wa ofisi umefungwa. Wakakaa kwenye benchi. Chini ya kibanda waliona mafungu ya miti, mia nne na kumi na mbili, kila moja na kibati chake cha namba.

"Nitasema ni courant," Hippolyte alinong'ona. "Umeme ilikatika."

"Machine ilikuwa mu batterie. Niliilinda miye."

"Basi nitasema ni virus."

"Virus ya muhogo iliingia mu machine?"

"Iko virus ya machine pia, mama."

"Na yenyewe inaitwaka Hippolyte?"

Mlango ulifunguliwa. Ingénieur Gracieuse alikuwa mama mfupi mwenye mabuti ya mpira na funguo nyingi shingoni, kiasi kwamba alisikika kabla ya kuonekana. Alimtazama Hippolyte, akaitazama kompyuta aliyoikumbatia, halafu akamsalimia mama.

"Mama, karibu. Kuna nini?"

Mama Godelive alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama mabuti.

"Liste ilipotea," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa. "Ni miye. Nilitaka hata kuiandika ya kichwa. Mama alikatala."

Ingénieur hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliichukua kompyuta, akaiweka mezani, akaisoma ile script kutoka juu kwenda chini, midomo ikimcheza kama mtu anayesoma barua ya mkwe. Alipofika mstari wa tatu alisimama.

"Hapa unafungua liste yangu na alama ya W. Uliweka W juu ya nini, sababu gani?"

Hippolyte alijikuna shingo.

"Hippolyte. Juu ya nini?"

"Kule formation, mu mafunzo, walitupatia alama tatu za kufungua fichier. R, A na W. Waliandika mu Kingereza, na siku ile nilichelewa. Nikatafuta maana miye mwenyewe." Alihesabu kwa vidole. "R nikaona ni refuser, kukatala. A nikaona ni arrêter, kusimamisha. Sasa nikabakia na W."

"Na W ni nini?"

"Weye."

"Weye nani?"

"Weye, fichier. Ni sawa kusema: weye, funguka. Kwa heshima."

Ingénieur Gracieuse alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu sana, ingawa haikuwa na vumbi. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Alipoivaa tena macho yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Sikiliza, Monsieur le bioinformaticien. R ni kusoma. Unaingia, unaangalia, unatoka, hakuna kitu inaguswa. A ni kuongeza: ile iko mule inabakia, yako inakuja ku mwisho. W ni kuandika upya. Ukifungua na W, inapangusa yote kwanza, kabla hata ya kuandika neno moja. Uliingia mu nyumba ya watu na ufagio, ukafagia mpaka na vitanda."

"Kwa heshima," alisema Mama Godelive.

"Kwa heshima, ndiyo."

Lakini Mama Godelive alikuwa na jambo lake la usiku. "Madame Ingénieur, kama ilifutika mara moja, sasa usiku yote ile machine ilikuwa inafanya nini? Taa haikuzimika."

Ingénieur aliteremsha kidole. "Hapa alifungua tena ile fichier, ili aisome. Na hapa aliagiza: usisimame mpaka usome mistari mia nne na kumi na mbili. Sasa haiko hata na moja. Machine ilikuwa inangoja mustari ya kwanza."

"Kumbe," alisema Mama Godelive. Aliitazama kompyuta, na kwa mara ya kwanza aliionea huruma. "Tulikuwa tunangoja wote wawili."

"Na hii ingine," Ingénieur aliendelea, "kutoka juu mpaka chini, sioni pahali amefunga fichier. Alifungua, akaacha wazi, akaenda kulala."

 Mama Godelive alikohoa tu, kikohozi kidogo, cha mtu mzima. Hippolyte alikisikia mpaka kwenye visigino.

Ingénieur alichagua ufunguo mmoja kifuani mwake, akafungua kabati la chuma lililokuwa ukutani, akatoa kile kidude cha kuhifadhi mafaili ambacho watu wote wa Bunia wanakiita clé. Mama Godelive, aliyejua kwamba clé ni ufunguo, alitafuta kwa macho kufuli linaloweza kufunguliwa na kitu cha ajabu vile.

"Liste iko humu," alisema Ingénieur. "Na ingine iko kwangu nyumbani. Ile nilikupatia weye ilikuwa copie. Ile ya kweli haitokaka mu kabati, na hakuna mutu anaiandikaka juu, hata miye."

Hippolyte alipumua kwa nguvu, kama tairi la lori. Mama yake alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mafungu ya kibandani yangejulikana tena, mgonjwa na mzima.

"Ulijua atapoteza?" aliuliza.

"Sikumujua yeye, mama. Nilijijua miye. Mwaka yangu ya kwanza nilipoteza samaki elfu mbili za ziwa Albert."

"Na W?"

"Na W. Lakini yangu sikuiita weye."

"Kwangu mbegu iko mu chupa yake," alisema Mama Godelive. "Niliifunga uzi mwekundu. Hata tukilala njaa, haiguswe."

Ingénieur Gracieuse alimtazama mama yule kwa muda. Kisha alimgeukia Hippolyte. "Chukua machine, enda pale ku benchi, uandike script upya. Ukimaliza, unakuja kuchukua copie mupya. Miye niko kule kibandani, nitapanga miti na wafanyakazi. Mama yako atabakia hapa na funguo." Akalivua fungu zima la funguo, akamvika Mama Godelive shingoni. "Mama, akigonga, unamuuliza alama gani, na kama atafunga. Akijibu vizuri, unamupatia. Asipojibu vizuri, mulango ubakie vile iko."

"Miye sijue machine, Madame."

"Mulango unajua?"

"Mulango najua."

Ieleweke kwamba orodha ilitoka siku ileile, saa kumi jioni, na ilitoka sawasawa. Miti mizima ilikuwa mia tatu na tisa. Lori liliondoka Ijumaa kama ilivyopangwa, na fungu la Mama Godelive lilikuwa juu yake, limefungwa kwa uzi mwekundu. Hippolyte hakufukuzwa. Aliongezewa majaribio, mwezi mzima, na cheti chake kikahamia chini ya picha ya harusi.

Lakini orodha ingeweza kutoka mapema zaidi, kama si saa nzima iliyopotea pale mlangoni.

Kwa maana ilipofika saa nane Hippolyte alikuwa amemaliza kuandika, na kazi aliifanya vizuri. R ilikuwa mahali pake. Kufunga kulikuwa mahali pake. Hata jina la faili lilikuwa fupi, halina Mungu ndani. Kiburi kilianza kumrudia, kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi. Alirekebisha kola, akagonga.

"Ni nani?" sauti ya mama yake ilitoka ndani.

"Bioinformaticien."

Mlango haukufunguliwa. Wafanyakazi wawili waliokuwa wanapita na mafungu ya miti walipunguza mwendo.

"Ni miye, mama. Hippolyte."

"Unakuja kufanya nini?"

"Kuchukua liste."

"Na utafunga?"

"Nitafunga."

Ufunguo ulisikika ukiingia. Kufuli likalia mara moja. Mlango wa Ingénieur ulikuwa wa kuzungusha mara mbili.

"Alama gani?"

Wafanyakazi waliyatua mafungu chini kabisa, wakayakalia. Na Papa Dominique, aliyefika kituoni kuuliza kama mihogo imekubali makosa, alikuwa amesimama pale akikunja mikono.  Hippolyte jibu alikuwa nalo. Lilikuwa herufi moja. Lakini mtu wa cheti kuulizwa herufi na mtu wa darasa la tatu, mbele ya fundi cherehani, lilikuwa jambo gumu kulimeza.

"Mama," alisema, akiinua sauti ili wote wasikie kwamba hakuna tatizo, "maulizo gani tena hii? Weye—"

Ndani ya ofisi Mama Godelive, aliyekuwa anangoja R, alikuwa amesikia la kutosha. Akazungusha ufunguo kurudi nyuma, mlango ukawa umefungwa mara mbili tena.